Baba Koku Mkekani

Venant Rwehumbiza ni mwashi, na kuta nyingi za mawe zinazoshikilia nyumba za mlimani Igogo zimepita mikononi mwake. Kazini husikika kabla hajaonekana. Kibarua akichelewesha zege, sauti ya Venant humfuata huko huko aliko.

Nyumbani sauti hiyo haikumfaa kitu. Binti yake Kokulinda, waliyemwita Koku, alikuwa anakaribia miaka mitatu na hajatamka neno. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Muuguzi wa kliniki akawashauri wampeleke kituo kimoja cha Mirongo, ambako wazazi huketi mkekani kucheza na watoto wao huku wakielekezwa namna ya kuwasaidia kukua na kuongea. Lakini Sabina, mama Koku, alikuwa zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha samaki.

"Nitakwenda mimi," Venant akasema.

"Utaweza?"

"Nimesimamisha ukuta juu ya jabali, nishindwe na mkeka?"

Siku ya kwanza aliwakuta akina mama peke yao. Hakujali. Akavua viatu, akaketi, akaanza kazi kama alivyoizoea.

"Koku, hiki nini? Sema kikombe. Sema! Ki-ko-mbe!"

Koku akampa mgongo.

Mwalimu Dorcas, mwenye kituo, akachuchumaa kando yake. "Baba Koku, acha kwanza kumuuliza. Leo yeye ndiye fundi, wewe kibarua. Angalia anachofanya, fanya hicho hicho, halafu subiri."

Koku alikuwa akipanga vifuniko vya makopo. Venant akaongeza kimoja, Koku akakiondoa. Akaongeza kingine, nacho kikaondolewa. Akaongeza cha tatu. Hicho mtoto alikitazama kwa muda, akakiacha pale pale, kisha akainua uso na kumwangalia baba yake machoni. Venant hakuthubutu hata kukohoa.

Wakawa wanakwenda kila wiki, na habari zikawafikia mafundi wenzake.

"Mwanaume mzima unacheza kitoto?" Obedi seremala alimtania.

"Nacheza. Tena nakushinda," Venant akajibu, akaendelea kupima ukuta wake.

Mgumu alikuwa mama yake. Alipokuja kutoka Muleba na mkungu wa ndizi, alimkuta mwanawe uani mbele ya beseni, yeye na mtoto wamelowa chapachapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo huna kazi?"

"Kazi ndiyo hii. Keti utazame."

"Mtoto hufunzwa kwa kuambiwa, si kwa kumwagiwa maji! Nipe nikakae naye Muleba, atasema tu."

"Hapana, mama," Venant akasema kwa upole, bila kuyumba. "Koku anabaki hapa."

Akamimina maji kwenye kikombe cha Koku. Mtoto akayamwaga, akacheka. Akamiminiwa mengine, akayamwaga. Safari hii Venant akainua jagi, akalishikilia hewani bila kumimina. Bibi akataka kusema. Venant akamwonyesha kiganja amsubiri. Koku akatazama jagi. Akamtazama baba yake.

"Tena."

Bibi akajishika kichwa. "Amesema! Venant, umesikia?"

"Nimesikia, mama," akajibu, na akamimina mpaka kikombe kikafurika.

Maneno hayakuja kwa mkupuo. Leo Koku ana miaka minne, bado anaongea kwa vipande zaidi kuliko watoto wa jirani, na kwa Dorcas anaendelea kwenda. Venant hana wasiwasi; ameshaona neno linavyovuta neno. Baba mwingine akisitasita mlangoni pa kituo, Venant ndiye anayejisogeza na kumpa nafasi mkekani.

Jumapili baada ya misa bibi hupiga simu. Siku hizi hana habari na mwanawe. "Nipe mjukuu wangu," husema. Koku huzunguka uani na simu sikioni akisimulia mambo ya kuku, ya mawe, ya maji, na nusu yake haieleweki. Bibi huko Muleba haulizi maana.

"Enhe," anaitikia. "Enhe, mama. Halafu?"