Rugaya na Kona ya Sekunde Sita

Rugaya Fakier hakuanza na magari. Alianza na cherehani, katika kiwanda cha nguo cha mtaa wa Salt River, na wala hakuwa mshonaji. Yeye ndiye aliyeitwa mashine zilipogoma. Cherehani ya kiwandani ina bakuli la oili chini na kijidirisha cha kioo juu, na fundi anayejua kazi hutazama kijidirisha hicho kabla hajagusa kitu kingine. Oili ikirukaruka pale, mashine i hai. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kikafungwa na wanawake wote wakarudi nyumbani na aproni zao.

Yeye alirudi kwake, mtaa wa Athlone, na sanduku la spana. Mumewe, Igsaan, alikuwa akifufua injini za mabasi madogo katika gereji iliyopakana na jiko lao. Rugaya akaanza kumsaidia, na baada ya mwaka mmoja Igsaan ndiye aliyekuwa msaidizi. Mimi nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Asubuhi za Jumapili nilipokwenda kununua koesister za moto, yale maandazi ya shira, nilimkuta tayari amevaa ovaroli juu ya gauni, kitambaa kichwani, ameinamia injini ya mtu.

Mwezi wa Machi akaja Denzil Plaatjies. Siku za kazi Denzil alitengeneza makabati ya jikoni. Siku za mashindano alikuwa dereva wa mbio katika uwanja wa Killarney, na gari dogo jekundu alilolifunga turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, kubwa kuliko busara yake.

"Anti Gaya, nimekuletea maiti," alisema, akifungua buti iliyobeba injini.

"Alikufa vipi?"

"Ghafla tu. Ile kona ndefu ya kulia. Nikasikia inagonga, ko-ko-ko, basi."

"Na ile ya mwaka jana?"

Denzil akajikuna shingo. "Kona hiyohiyo."

Rugaya alipoifungua injini hiyo, beringi za shafti kuu zilikuwa zimelika mpaka rangi ya shaba ikaonekana. Mhimili wa turbo nao ulikuwa na mikwaruzo. Hakushangaa. Gari likikata kona kwa kasi, oili hupanda ukuta wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kama chai kwenye kikombe cha mtu aliyegeuka ghafla, na pampu iliyo chini hubaki ikinyonya hewa. Turbo, inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, inakunywa kutoka pampu hiyohiyo.

"Watu wote wananiambia niweke sampu kavu," Denzil akasema. "Keenan ndiyo anayotumia."

Keenan Fortuin alikuwa na gereji yake Mitchells Plain, na gari lake ndilo lililowapiga wenzake misimu miwili mfululizo. Kwenye sampu kavu, oili haikai chini ya injini kabisa. Pampu ya nje inaifyonza kila inapodondoka na kuipeleka kwenye tangi refu, na kutoka chini ya tangi hilo injini inalishwa, kona iwe ndefu vipi.

"Keenan anapenda mabomba," Rugaya akajibu. "Mkanda, tangi, viungo kumi na sita. Kila kiungo ni mlango wa kuvuja. Mimi nitakutengenezea hii hii sampu yako, itulie."

Alisema hivyo mbele ya Igsaan na mbele yangu, na kwa sauti ya mtu ambaye hajazoea kukosea.

Akakata ubavu wa sampu na kuubandika plastiki nene ing'aayo, ili aone ndani. Humo akapanga vibao vyenye bawaba, vinavyoruhusu oili kuingia kwenye mdomo wa pampu lakini haviiruhusu kutoka. Igsaan, mpenda hesabu, akamwambia kwamba gari likivutwa kando kwa nguvu sawa na uzito wake, oili hulala kana kwamba injini imeinamishwa nusu ya pembe mraba. Basi wakaifunga kwenye meza ya mbao, wakaiinamisha hivyo, wakazungusha pampu kwa drili huku Rugaya akihesabu sekunde. Mdomo wa pampu ulibaki umezama mpaka sekunde ya tisa.

"Kona yako inachukua muda gani?" akamuuliza Denzil.

"Sita. Nimeipima kwa saa."

"Basi tuna akiba ya tatu. Lakini sikiliza, mwanangu. Nakufungia taa nyekundu ya presha ya oili. Ikiwaka, hata kama unaongoza, hata kama malaika wanakushangilia, unazima injini. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Anti."

Siku ya mashindano ilikuwa ya upepo, kama kawaida yetu. Denzil aliongoza kuanzia mzunguko wa kwanza. Rugaya alisimama kwenye uzio, mikono mfukoni. Mzunguko wa nne, gari jekundu lilitoka kwenye kona ndefu taratibu, likaingia kwenye majani, likanyamaza. Moshi wa buluu ulikuwa ukitoka nyuma. Keenan akapita.

Baadaye Keenan alikuja na kikombe chake cha ushindi kwapani. "Anti Gaya, ile sampu yako ya supu imemwagika?"

Watu wakacheka. Denzil akafungua mdomo amjibu, Rugaya akamshika mkono. "Mwache. Amefika, sisi hatujafika."

Injini ilipona, kwa sababu taa ilipowaka Denzil alitii. Lakini Rugaya hakulala vizuri wiki hiyo. Igsaan aliniambia kwamba alimsikia akihesabu, moja mpaka tisa, akianza tena.

Jumatano alimwita Denzil. Ile plastiki ilikuwa bado ubavuni mwa sampu. Akalala chini ya gari na tochi.

"Washa. Iache ipate moto. Sasa kanyaga."

Injini ikanguruma.

"Zaidi!"

"Anti, majirani!"

"Majirani wamenizoea. Kanyaga!"

Akaona. Usawa wa oili ukashuka, kidole kimoja, viwili, vitatu. Denzil alipoachia, ukapanda polepole.

"Imekwenda wapi?" Denzil aliuliza, amechuchumaa.

"Juu. Iko kwenye kichwa cha injini, kwenye turbo, kwenye kipoza oili. Haipati nafasi ya kurudi." Alitoka chini ya gari, akakaa sakafuni, miguu imenyooka. "Mimi nilipima injini iliyolala. Ikikimbia, karibu lita mbili haziko nyumbani."

Wakarudi kwenye meza ya mbao, wakatoa lita mbili, wakahesabu upya. Safari hii pampu ilinyonya hewa hesabu ilipofika nne.

Rugaya akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nimekosea, Denzil. Nilikunyima kitu ulichokuwa unakihitaji kwa sababu mimi sikukipenda."

 Denzil alizoea mafundi wanaolaumu dereva.

"Mungu alikupa kichwa," Igsaan akasema kutoka mlangoni, "lakini breki alisahau."

"Breki ninazo. Leta funguo, tunakwenda Mitchells Plain."

Keenan alikuwa anakula gatsby, mkate mrefu uliojazwa chipsi, kwenye boneti alipowaona wakiingia. "Haa! Anti Gaya kwangu! Niwafunge mbwa au nitandike zulia?"

"Cheka kwanza, umalize. Halafu nina maswali."

Akacheka, akamaliza. Rugaya akamweleza kila kitu: meza, drili, kijidirisha, lita mbili. Kadiri alivyoeleza, ndivyo Keenan alivyosahau mkate wake.

"Umeiona kwa macho?" akauliza. "Mimi sijawahi kuiona. Mimi niliunguza injini tatu ndipo nikajua." Akafuta vidole, akachukua chaki. "Turbo yenu iko juu au chini?"

"Chini. Karibu usawa wa sampu."

"Ndiyo ule moshi. Oili ya turbo inarudi kwa kuanguka tu, na kwenu haina pa kuangukia, inavujia kwenye sili. Ipe mdomo wake wa kunyonya, peke yake. Pampu ya midomo minne: mitatu chini ya injini, mmoja wa turbo." Alichora sakafuni. "Na tangi liwe refu, si pana. Oili iingie kwa ubavu, izunguke ukutani, povu libaki juu. Ukiipa injini povu, umeipa hewa."

"Na viungo?"

"Vinavuja, Anti. Hapo ulisema kweli. Unavikagua kila mara, ndiyo dawa yake."

Kazi ilichukua majira yote ya baridi. Tangi lilisimama mahali pa kiti cha abiria. Rugaya alipanga mabomba kwa namna yake, mafupi, viungo kumi na moja badala ya kumi na sita, na kila kimoja akakitia alama ya rangi ya kucha ya binti yake, ili kikilegea hata kidogo alama ikatike na ionekane.

Mwezi wa Septemba gari lilirudi Killarney. Mshale wa geji ya oili haukutikisika katika kona yoyote, wala moshi haukutoka. Denzil akamaliza wa pili, pua yake karibu kugusa mkia wa Keenan, na alipovua helmeti alikuwa analia na kucheka pamoja, kama mtu aliyetoka kwa daktari na habari njema. Rugaya alimpita, akaenda moja kwa moja kukagua alama zake. Zote kumi na moja zilikuwa nzima. Hapo ndipo alipomkumbatia Denzil.

Msimu ulipokwisha waliifungua injini. Nilikuwepo. Rugaya alitoa beringi moja, akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha Denzil. Ilikuwa ya kijivu, laini, sawa na siku ilipotoka kwenye boksi. Denzil akaipitishia kidole gumba mara mbili tatu.

"Haina hata mkwaruzo," akasema.

"Haina."

Igsaan akatuita tukale. Denzil aliendesha gari lile misimu miwili zaidi kwa injini ileile, kisha mkewe akajifungua mapacha, naye Denzil akaliuza kwa mtu wa mji wa Paarl. Rugaya alimwandikia mnunuzi ukurasa mzima kwa mkono wake: oili ya aina gani, ibadilishwe lini, injini ipozwe dakika ngapi kabla ya kuzimwa. Chini kabisa aliweka namba yake ya simu, na neno "piga" akalipigia mstari.