Mfumo Halali Uliokataliwa Kanisani

Jamani, mdomo wangu huu utaniua. Jumapili pale kanisani Kihesa, kabla ya nyimbo, nilisimama mbele ya waumini wenzangu nikawahubiria kwamba Windows ya kompyuta ya kanisa ni ya kuchakachua, wizi mtupu, na kwamba mfumo huria wa kuendeshea kompyuta niliouleta kwenye flashi ni wa bure, halali na wa kuaminika.

Nyumbani niliujaribu ukawaka. Nilichosahau ni kwamba kwenye kompyuta yangu nilishauzima zamani ule ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka, na kwenye ya kanisa bado ulikuwepo.

Nikachomeka flashi, nikaiwasha upya kompyuta ya kanisa. Projekta ikajaa maandishi mekundu ya Kiingereza. Mchungaji akatafsiri kwa sauti: “Mfumo huu hauaminiki. Umezuiwa.”

Bibi mmoja wa benchi la mbele akaniuliza kwa upole, “Baba, mbona ile ya wizi ilikuwa inawaka vizuri tu?”