Kipande cha Juu

Dada yangu alipoenda kusoma ng'ambo, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilikuwa na duka la kupiga chapa mjini Nyeri: kompyuta mbili, modemu moja, na majivuno ya kutosha wilaya nzima. Nilimtengenezea ukurasa wa mtandao ili apate habari za nyumbani Gatitu. Juu niliweka picha ya Mama akichuma kahawa. Chini niliandika habari za siku: ng'ombe amezaa, mvua imekawia, Mama ameanza kuumwa.

Dada alilalamika kwamba picha inamchelewesha, na kompyuta za chuo zina foleni. Basi nikaugawa ukurasa vipande viwili, cha juu kikae kilivyo na cha chini kibadilike peke yake. Nikamwambia asisumbuke hata kufungua picha. Ahifadhi anwani ya kipande cha chini, kifunguke mara moja. Nilijiona fundi kweli.

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Baba alikuja dukani na kofia mkononi, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo maneno ya mama yako usiweke chini ya mambo ya ng'ombe," alisema. "Weka juu, karibu na picha yake. Na usiandike amekufa. Mtoto hawezi kusoma kitu kama hiyo kwa mashine, akiwa peke yake. Mwambie tu apige simu."

Kwetu aliye mbali haandikiwi kifo. Anaitwa, kisha anaambiwa na mtu. Nikaandika kando ya picha: Piga simu dukani upesi. Kipande cha chini sikukigusa. Kilisema Mama amekula njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, kidogo na anakusalimu, na sikuwa na moyo wa kuufuta mstari huo.

Nilikuwa na anwani yake ya barua pepe. Sikuitumia. Niliuamini ukurasa wangu, na huo ndio ujinga ambao sijajisamehe hadi leo.

Tulingoja simu siku nne. Baba alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye benchi la wateja, akiitazama simu. Siku ya nne alisema pengine msichana amekuwa mzungu, na hata mimi nilikuwa nimeanza kumkasirikia. Jumamosi tukazika.

Jumatatu nilifungua duka, nikakuta barua pepe yake. Aliomba radhi kwa kukawia, alikuwa na mitihani, lakini habari zetu alizisoma kila siku. Ndipo nikakumbuka anwani niliyompa, ya kipande cha chini peke yake.

Mwishoni alikuwa ameandika: "Nimefurahi sana Mama anakula. Mwambie hiyo njahi asimalize, anibakishie."