Sarafu Kumi na Moja za Mwalimu Ambindwile

Baba yangu, Mwalimu Ambindwile wa Kisondela, alikuwa na sarafu kumi na moja za shaba za makaisari wa Roma. Alianza kuzikusanya akiwa bado anafundisha historia. Nyingi aliletewa na rafiki yake Mjerumani. Kila moja ilikuwa na bahasha yake, na juu yake ameandika kaisari gani, imetoka wapi, ina kasoro gani. Hakuficha kasoro hata moja. Mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili, alizitambua kwa kidole gumba.

Alipolazwa hospitali ya Makandana, wazee wa kanisa walituma ujumbe kwamba wangekuja nyumbani Jumamosi kumwombea. Kwetu mgeni hapokelewi kwa vyombo vyeusi. Nilisugua masufuria kwa jivu na ndimu, kisha nikaziona sarafu zimeota kijani. Nikazisugua nazo. Wazee walizisifu. Jioni ndipo niliposoma daftari la Baba: kijani kile ndicho kilichotunza sura, ukikitoa unaitoa na sura.

Jumatatu moyo wake ulizidi kuchoka. Akaagiza nimpelekee sarafu ya Kaisari Konstantino.

Juu ya bodaboda nilimwomba Mungu anipe la kusema, na kwa kweli nilikuwa natafuta uongo. Ningesema imepotea. Lakini asingekuwa na siku za kuisubiri ipatikane.

Wodini niliitoa kwenye bahasha yake. Baba akaipokea, akapitisha kidole gumba. Akaigeuza. Akarudia upande wa kwanza, polepole zaidi.

"Nani kaisugua?"

"Mimi, Baba. Kwa jivu na ndimu."

"Zote?"

"Zote."

Nesi akaja kumpima presha, akaondoka.

"Kijani kile kilichukua miaka elfu moja na mia saba," Baba akasema. "Wewe umetumia asubuhi moja."

Nikaanza kulia. Akauliza kama nina kalamu.

"Kwenye bahasha, penye kasoro. Andika: imesuguliwa na Tulinagwe, binti yangu. Weka na tarehe."

Nikaandika. Akataka nimsomee, nikamsomea. Akaifumba sarafu kiganjani, hakunirudishia.

Bwana alimchukua Alhamisi. Nesi alinikabidhi sarafu ile pamoja na Biblia yake. Baada ya matanga nilikaa mezani na bahasha kumi zilizobaki, nikaandika maneno yale yale kwenye kila moja. Yale mawili, "binti yangu", sikuyaondoa.