Siku Upepo Ulipoulizwa Unataka Nini

Nilipokuwa mdogo, pale Kiwanjani, Isiolo, watu waliuogopa upepo kuliko walivyomwogopa DC. Sisemi upepo wa kawaida wa kuangusha nguo kwenye kamba. Nasema kisulisuli, kile cha mchana wa jua kali kinachozunguka na vumbi na manyoya ya kuku mpaka kinazidi msikiti kwa urefu. Ayeyo, ndivyo tulivyomwita bibi yangu mzaa baba, alikuwa amenionya tangu nijue kutembea kwamba ndani ya kisulisuli kuna anayesafiri, na huyo hana baba wala mama wa kujulikana.

"Ukimwona, chuchumaa. Funika uso. Sema Bismillahi, umwache apite na shughuli zake. Na usimsimamie njiani, Rukia, unanisikia? Ukimsimamia, ataingia."

Nilimsikia. Ningekosaje? Ayeyo akisema jambo jikoni, hata punda wa jirani alikuwa anasikia.

Sisi ni wajukuu wa askari. Babu aliletwa hapa na jeshi la Mzungu, akazeekea hapa, na baba akawa mtu wa lori. Alikuwa akipeleka sukari na mchele Merti na kurudi na mbuzi. Njia ya Merti inapita Gotu, na Gotu ndiko alikokuwa mama yangu.

Mama alikuwa Mborana, jina lake Dahabo. Yeye na Ayeyo hawakupikika chungu kimoja hata siku moja. Ugomvi wao ulipofika shingoni baba akatoa talaka, mama akafunga mzigo wake akarudi kwa watu wake. Mimi nikabaki, maana kwetu mtoto ni wa kwao baba. Siku hiyo hiyo Ayeyo, hasira zikiwa juu, alisimama katikati ya ua majirani wakisikia, akaapa kwa Mungu kwamba jina la mwanamke yule halitatajwa tena kwake, wala mguu wa mtoto huyu hautakanyaga Gotu. Na Ayeyo hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Basi baba akawa anarudi safarini na vumbi la Gotu kwenye viatu, hasemi kitu. Mimi naviona viatu, sisemi kitu. Mgeni akitutembelea alikuwa anatusifu kwa utulivu wetu.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, nina miaka kumi na mitatu. Mchana mmoja tulikuwa tunatoka shule, mimi na Karimi, msichana wa Kimeru niliyekaa naye dawati moja. Tulikata katikati ya kiwanja cha ndege kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Kisulisuli kikazuka mbele yetu.

"Rukia, chuchumaa!" Karimi alikuwa mtoto wa kanisa na majini yetu hayakumhusu, lakini alikuwa ameshachuchumaa, sketi ameivuta mpaka kichwani. Mimi nikasimama. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Si miguu. Nilichoka kukaa na neno moja mdomoni mwaka mzima bila pa kulitemea. Nikakiacha kije.

Mchanga uliingia masikioni, puani, kwenye meno. Kilipopita nikaanza kulia, na kilio chenyewe hakikukoma. Nililia njia nzima, nikalia mbele ya chakula, nikalia mpaka nikaishiwa. Halafu nikanyamaza kabisa, na huko kunyamaza kukawa kubaya zaidi.

"Nilisema mimi!" Ayeyo akajipiga paja Karimi alipomweleza. "Si nilisema?"

Alikuwa amesema, na onyo lake lilitimia kama alivyolitoa. Upepo ulinipitia na mimi nikawa si mimi. Ila hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba nilianza kutokuwa mimi siku mama alipofunga mzigo. Upepo ulikuwa rahisi zaidi, hauna mtu wa kulaumiwa.

Dirisha la chumba changu likapigiliwa ubao ili aliyeingia asiwaite wenzake. Shule, hapana. Uani, hapana, ila kwenda choo, tena nimeshikwa mkono. Ubani ulichomwa asubuhi na jioni mpaka macho yakaniwasha. Nilinyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, nikasomewa, nikapakwa mafuta. Mchana mabati yalipata moto yakawa yanalia yenyewe, kaa, kaa, na mimi nimelala pale natazama doa la jua lililopenya kwenye tundu la msumari. Doa hilo lilikuwa linatembea ukutani taratibu, nami nalifuata kwa macho mpaka linapotea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya siku nzima.

Nilikuwa mfungwa wa watu walionipenda, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtu akikuonea unaweza kumchukia. Hawa waliniletea maziwa, wakanifunika shuka, wakanilia kama nimeshakufa. Kifua kilikuwa kizito kama mtu ameniwekea gunia la mchele akaenda zake. Nilikuwa nawaza kwamba hata nikifa, kitakachopungua nyumbani ni moshi wa ubani tu. Leo nikimsikia msichana anasema maneno ya namna hiyo siendi popote, nakaa naye. Wakati ule niliyasema kimoyomoyo, peke yangu.

Karimi ndiye hakukata tamaa. Kila akitoka shule alizunguka nyuma ya nyumba akagonga bati kwa kijiwe. Haongei, alikuwa anamwogopa Ayeyo kupita kiasi. Anagonga tu, anangoja kidogo, anaenda. Mimi sijibu. Kesho yake anarudi anagonga tena. Siku moja nikajikuta nimegonga kwa kidole. Nilimsikia akicheka huko nje, na kicheko chake nilikaa nacho mpaka jioni.

Kisha nikasikia jambo lililonigandisha. Baba alikuwa anaongea na Ayeyo uani, na ukuta wa bati hauna siri.

"Mwezi ukiandama kabla hajasema, nampeleka kwa yule mzee anayetibu."

"Kule wanakofunga watu kamba?"

"Mama, nifanye nini? Hali chakula, hasemi. Nimngoje afe?"

Mahali hapo nilipajua kwa kusikia. Palikuwa mbali, mwendo wa kulala njiani, na mgonjwa alifungwa miguu mpaka jini wake achoke. Mtaani kwetu kulikuwa na dada mmoja aliyerudishwa kutoka huko na makovu kwenye vifundo vya miguu, na tangu arudi hakuwa anamtazama mtu usoni. Nikaona ndiyo mwisho wangu. Nilitaka kupiga kelele niseme nitaongea, msinipeleke, lakini mdomo ulikataa.

"Kwanza niitie Kadija," Ayeyo akasema.

Kadija alikuwa dada mkubwa wa baba. Edo Kadija, tulimwita, kwa maana ya shangazi. Aliuza maziwa ya ngamia sokoni na ulimi wake ulijulikana mji mzima. Alipiga salaam mlangoni, akachungulia chumbani kwangu, akashika kiuno.

"Lo! Hapa mmefungia mtoto au mmefungia mkaa?"

Akaingia akaketi chini. Hakuniuliza nina nini. Watu wote walikuwa wananiuliza nina nini, na swali hilo lina jibu moja tu, sina kitu. Yeye akaniwekea sinia la mchele mapajani. "Nichagulie mawe. Macho yangu yamekwisha." Uongo mtupu! Macho yake yangeona sarafu ndani ya birika la maziwa. Lakini nikachagua. Vidole vikaanza kufanya kazi hata kabla yangu.

Akawa anakuja kila siku akishamaliza maziwa yake. Alinichana nywele, akazipaka samli, akinisimulia vituko vya wateja wake mpaka nikasahau kwamba sitaki kusikiliza. Kifua kikinibana alinipa kikombe cha chai ya moto mikononi. "Usinywe. Kishike tu, mikono miwili. Kaa na moto wake mpaka upoe." Niliona ni wazimu, lakini kikombe kilipopoa, pumzi ilikuwa imerudi. Mpaka leo nafanya hivyo.

Ndipo siku moja akamwambia Ayeyo, mbele yangu, "Mnamfukiza tu mgeni wa watu. Nani amemuuliza haja yake?"

Ayeyo sheria aliijua kuliko wote. Kwetu anayemwingia mtu huulizwa anataka nini, na anachotaka hupewa, iwe leso nyekundu, iwe mbuzi mzima. Kumnyima ni kumuua mgonjwa kwa mkono wako.

Wakaja wanawake wa mtaa baada ya alasiri. Buna ikakaangwa kwa samli, zile punje za kahawa zikawa zinapasuka kwenye sufuria, nyumba nzima ikanukia. Mmoja akashika debe akalipiga polepole. Edo Kadija akanifunika kichwa kwa leso, akaleta mdomo karibu na sikio langu.

"Salaam aleikum, wewe uliyekuja na upepo. Umekaa siku nyingi kwa mtoto wetu. Hatukutukani. Unataka nini?"

Debe likaendelea.

"Unataka leso? Unataka nyama?"

Kimya.

"Sema. Hakuna atakayekasirika hapa. Anayesema si Rukia."

Sijui maneno hayo yaligusa nini. Nilifungua mdomo na sauti ikatoka, nzito, ya chini, sauti ambayo sijawahi kuitumia tena.

"Ubao utolewe dirishani."

"Utatolewa. Nini tena?"

"Msichana arudi shule."

"Atarudi. Nini tena?"

Ayeyo alikuwa ameketi mbele yangu. Simwoni, lakini namjua alipo, kama unavyojua jiko lilipo ukiwa umefumba macho.

"Gotu. Nataka msichana huyu apelekwe Gotu, kwa Dahabo, kwa mama yake."

Debe likanyamaza. Mtu akasema astaghfirullah. Jina lilikuwa limetajwa ndani ya ua ule, mbele ya majirani, nami chini ya leso nikawa nangoja kofi. Nilisikia magoti ya Ayeyo yakilia akiinuka. Nilisikia ndala zake zikitoka nje, kisha sauti yake akimwita baba.

"Kesho ukienda Merti, utamshusha mtoto Gotu. Na leta nyundo."

Ubao ulitoka kabla ya magharibi. Asubuhi nikapanda lori. Ayeyo alikataa chai siku hiyo, akaniangalia tu, akasema nenda. Niliporudi, Edo aliniambia kwamba siku zile nilizokuwa mbali bibi hakula mchana, na nikajua amenisusia kwa aibu niliyomtia.

Gotu si mbali. Ndilo lililoniliza zaidi njiani, kuona jinsi ilivyokuwa karibu. Mama alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi. Aliona lori, akageuza uso kama alivyozoea kuugeuza kila lori lile likipita, mpaka akanisikia namwita. Sitasimulia zaidi, hiyo ni yangu na yake.

Sikupona siku ile. Gunia la mchele lilirudi mara nyingi, hata nikiwa sekondari. Lakini nilikuwa na dirisha, nilikuwa na Karimi na Edo, na kila shule ikifungwa nilikuwa na lori la kwenda Gotu. Ukiwa na pa kwenda, hata siku mbaya unaivuka.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa matroni wa bweni la wasichana, nilikuwa namwosha Ayeyo miguu. Alikuwa hatoki tena kitandani. Nikamuuliza nilichoogopa kuuliza tangu utoto.

"Ayeyo, ulinisusia siku zile nilipokwenda Gotu? Hukula."

"Nilikuwa nafunga," akasema. "Niliapa kwa Mungu, nikavunja. Kiapo kina kafara yake."

"Lakini aliyetaka si mimi. Si ni jini?"

Akacheka, kinywa hakina hata jino. "Jini gani huyo analilia mama?"

Nilikaa na mguu wake mkononi. Alijua. Alijua siku ile ile, na akaita nyundo. Kumbe naye alikuwa amepigiliwa ndani ya neno lake mwenyewe, hajui atatokaje mbele za watu, na yule msafiri wa upepo akatufungulia wote wawili. Ningependa kusema tungeweza kuambiana bila yeye. Lakini nawajua watu wetu, na najijua.

Kisulisuli kikizuka Kiwanjani bado nachuchumaa, mtu mzima mimi na magoti haya. Nafunika uso, nasema Bismillahi, nakiacha kipite. Halafu nikishaona hakuna anayenisikia, nasema ahsante.