Sponji Kwenye Kamba ya Nguo

Ziwa lilipopanda, liliichukua nyumba ya mama kule Kibenga bila haraka: kwanza bustani, kisha choo cha nje, mwishowe sebule. Nilimleta kwangu Buyenzi na bunda moja lililofungwa kwa kitenge. Bunda hilo alilisukuma chini ya kitanda na hakulifungua. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Nikiifungua, nitaifunga tena lini?" Alikuwa akingoja maji yarudi nyuma, na maji hayakurudi. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti akielekea ukuta, akivuta tasbihi, akijibu salamu na basi. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiamrisha mtaa mzima. Iliniuma sana. Nilitaka aishi kwangu kama mwenye nyumba, naye aliishi kama abiria.

Ndipo nikawaza kumletea ziwa kidogo ndani ya tangi la kioo. Sijui nani alinituma kumwambia kaka yangu mkubwa. Kaka anaishi Maskati, ana tangi la samaki wa matumbawe sebuleni kwake, na mtu mwenye tangi ana maoni mengi kuliko mwenye gari. Haukupita muda, katoni ikafika: mashine ya kutoa povu, chujio la mtungi lenye pampu ya kutosha kumwagilia shamba la mpunga, taa ya buluu ya kukuzia matumbawe, na hita ya kupasha maji joto. Hita, Bujumbura.

Mimi nauza vipuri vya magari, katika duka alilotuachia baba. Najua kwamba pampu hupimwa kwa injini yake, si kwa ukubwa wake. Lakini kwetu zawadi ya kaka mkubwa haibaki katonini, hasa kaka anayepiga simu ya video kila Ijumaa baada ya swala kutaka kuiona. Nikaweka tangi nyuma ya kiti cha mama, nikafunga humo kila kitu isipokuwa hita.

Mashine ya povu kazi yake ni maji ya chumvi. Humo viputo vya hewa hushika uchafu na kuupandisha juu. Kwenye maji ya ziwa ilinguruma tu. Chujio la mtungi lilikwenda vizuri mpaka umeme ulipokatika, na umeme wetu hukatika kama mtu anavyopiga chafya. Likisimama muda mrefu, maji yaliyofungiwa ndani huoza. Umeme ukirudi, linayatapika yote tangini. Samaki wenyewe walikuwa wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Nilikuwa nimewapata kwa mvuvi wa Ruziba, pamoja na makombe na mchanga wao. Mkondo uliwabandika kwenye kioo. Mama aligeuza shingo, akawatazama. "Munawatesa," akasema, akarudi kwenye ukuta wake.

Nikang'oa vyote isipokuwa taa. Nikaweka sponji moja, pampu ndogo ya hewa, na betri ya pikipiki ya kuiendesha umeme ukiondoka. Hewa huvuta maji yapite kwenye sponji, na sponji ikishavaa utelezi wa kahawia, vijidudu vilivyomo humo hula sumu ya kinyesi cha samaki. Anayetaka kufuga samaki ajiulize kwanza maji yake ni ya aina gani, umeme wake ukoje, na samaki wake wanapenda mkondo au utulivu. Mashine ije baadaye. Kwetu maji yalitulia, kila samaki akachagua kombe lake na kuchimba mchanga mlangoni. Ijumaa nilimwonyesha kaka taa tu. Na kile kiti cha mama kilianza kugeuka, leo kidogo, kesho kidogo.

Siku moja nikatoka dukani, nikaikuta sponji imeanikwa kwenye kamba ya nguo, safi kabisa, inanukia sabuni. Mama alisimama kando yake, mikono bado imelowa. Tangu aje hakuwa amegusa hata kijiko cha nyumba yangu. Lakini ndiye aliyetulea kwa tahara, hatandiki mkeka kabla hajaukung'uta, na kitu chenye utelezi ndani ya maji masafi kilikuwa kimemshinda kuvumilia.

"Ilikuwa muchafu sana," alisema. "Nimeifula mara tatu."

Hasira ilinipanda, nikameza nusu yake. Nusu ya pili ilitoka. "Mama, umewaua. Ule uchafu ndio ulikuwa unafanya kazi."

Alinitazama. "Mbona hukuniambia? Mugeni ndiye hawamuambiaka kazi ya nyumba. Mi niko mugeni hapa?"

Nilikuwa nimempa kiti kizuri, sahani ya kwanza, na samaki wa kutazama. Kazi sikumpa, nikidhani ndiyo heshima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba mwenye kulidai jembe anaweza kuwa mgeni mwenyewe.

Nikamweleza. Sponji haifuliwi. Hukamuliwa ndani ya maji ya tangi lenyewe, ili vijidudu visife. Maji ya bomba, japo yanatoka ziwa lilelile, yametiwa dawa, na lazima yalale kwenye ndoo kwanza. Siku zilizofuata maji yaligeuka rangi ya maziwa, samaki wakapanda juu wakihema, na wengi wao wakafa. Nilihofu kiti kitarudi ukutani. Hakikurudi. Mama aliwaopoa waliokufa kwa mkono wake, na kila asubuhi alibadilisha maji kidogo, akiwasemesha waliobaki.

Utelezi uliporudi na kuzidi, alisema sasa sponji ikamuliwe. Nikamletea beseni la jikoni.

"Apana. Ile munapikia."

Akaingia chumbani. Nilimsikia akivuta kitu chini ya kitanda. Alitoka na beseni la enameli lenye maua mekundu, lililobanduka ukingoni, ambamo sote tuliogeshwa kule Kibenga. Akalichotea maji ya tangi, akaitia sponji, akaanza kuikamua polepole.

Ijumaa kaka akapiga simu, akataka kuona mashine ya povu. Mama akanipokonya simu.

"Iko mukatoni yake," alimwambia. "Siku utakuja, utaitwala, uende nayo."

Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, kitenge cha bunda kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa.