Kilima cha Mwisho cha Mama Mkubwa Navalayo

Mama Mkubwa Navalayo, mke wa marehemu kaka yake baba, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyepanda vilima bila kutafuta kuni wala mbuzi aliyepotea. Alipanda, akatazama, akashuka.

Yalianza na matanga. Baba Mkubwa Philemon alifariki miezi michache baada ya bendera mpya kupandishwa, na kwa desturi yetu mjane haingii nyumba ya mtu mpaka wazee wamwondolee matanga. Hata kwetu, boma moja, alisimama nje akaongea na mama kupitia dirisha. Na vile alivyopenda kutembelea watu! Siku moja akasema, "Kilima hakina mlango. Nani atanikataza?" Akaenda kilima cha Lirhanda.

Kumbe alikuwa na jambo lake. Zamani Baba Mkubwa aliwabebea wapima ramani saruji, wakijenga nguzo juu ya vilima. Akirudi nyumbani alimwambia mkewe, "Leo nimekuona kutoka juu. Ulikuwa unaanika mahindi." Nyumba yao ilikuwa ya kwanza kijijini kuezekwa mabati, na mabati humeta mbali. Mama Mkubwa alitaka kuiona kama mumewe alivyoiona. Kutoka Lirhanda aliiona. Kutoka Buyangu pia, na kutoka vilima vya Maragoli, ndogo kama ukucha. Kikabaki kimoja, ng'ambo ya msitu, upande wa Nandi.

Julai ikafika na baridi yake, na habari ikaja kwamba amepata shamba Likuyani, kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu. Lori lingekuja Jumatatu, na mabati yangeng'olewa aende nayo.

"Ngoja Desemba, jua liwake," baba akamwambia.

"Desemba nitaona nini, shemeji? Kuta?"

"Basi nenda na mtu."

"Anihesabie pumzi?"

Nilimsihi anichukue. "Wewe una shule," akasema, "na unaongeanga sana." Akafunga viazi vitamu kwenye leso, akavaa koti la Baba Mkubwa, akaondoka Ijumaa alfajiri, peke yake.

Mchana ikanyesha mvua ya mawe, ile ya kwetu inayochana migomba. Baba alienda mpaka barabarani, akarudi, akaenda tena.

Jumamosi jioni akatokea, anachechemea, matope magotini. Mama alimpelekea chai mlangoni pake, nami nikaketi karibu.

Akatusimulia. Mawe yalimkuta chini ya kilima, kwa mama mmoja Mnandi, Jelagat. "Ingia, mama, utakufa na baridi!" Akajibu, "Siwezi, niko kwa matanga," akajibanza chini ya paa, nje. Jelagat akamtazama, akarudi ndani, akatoka na makaa kwenye kigae. Halafu akatoa kigoda. Halafu kibuyu cha maziwa. Halafu watoto wakatoka na blanketi lao.

"Nyumba yote ilinihamia nje," Mama Mkubwa akasema. "Mbuzi tu ndio walilala ndani kama watu."

Asubuhi kulikuwa kweupe. Akapanda mpaka kwenye nguzo.

"Na nyumba? Uliiona?" nikauliza.

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwongo yule! Pale hakuonekani chochote cha kwetu. Kuna mgongo wa msitu katikati, umeziba kila kitu. Nilizunguka nguzo, nikaipanda, na magoti haya. Hakuna!"

"Lakini alisema alikuona."

"Hapo ndipo alisema aliniona vizuri kuliko kote! Eti nimevaa leso nyekundu, nimeinama, nafukuza kuku." Akaweka kikombe chini. "Na kweli siku hiyo nilikuwa na nyekundu. Aliondoka alfajiri, mimi nikijifunga leso hiyo." Akafuta macho kwa mkono wa lile koti. "Niliogopa nikiiona kutoka pale sitaweza kuihama."

Jumapili wazee wakamwondolea matanga. Aliingia kwetu, akakaa mpaka sufuria zikaoshwa.

Jumatatu fundi alipopanda paani akauliza aanzie upande gani. "Wowote," akajibu. Mama alilia, mimi pia. Yeye alisimama chini akipokea mabati, na kila bati alilifuta kwa leso, pande zote mbili, kabla ya kuliweka kwenye lori. Dereva alipiga honi mara nyingi. Hakuharakisha hata bati moja.